Sabufa ya Issuna

(Haya ni maneno ya somo la redio, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi wasome wenyewe. Mahali palipopigwa sauti katika redio pameonyeshwa kwa mabano.)

Sogezeni viti karibu. Somo la leo ni la kusikiliza zaidi kuliko kuandika, lakini kalamu muwe nazo, maana tutakuwa na hesabu mbili tatu.

Tumepata barua kutoka Issuna, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, pale inapopita barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Aliyeandika ni mwanafunzi kama wewe. Herufi zake ni kubwa na zimenyooka, na kosa nililoliona ni moja tu. Ameomba jina lake lisitajwe. Basi nakusomea barua yake.

"Mwalimu, shikamoo. Mwaka huu alizeti ilikubali. Niliuza magunia, nikalipa ada za watoto, na fedha iliyobaki nikanunua sabufa pamoja na spika zake mbili ndogo. Dukani ilinguruma hata kifua kikatikisika. Nyumbani hailii vile. Nikikaa katika kiti changu nasikia wembamba tu. Nimefungua sauti mpaka mwisho. Mabati yanapiga kelele, na mama jirani amekuja kwa heshima kuniambia kuwa mgonjwa wake halali. Kijana wangu asema, Baba, hii ni ndogo, tuuze mtamba tununue kubwa. Mama watoto amekataa. Mwalimu, nimuuze mtamba?"

Mtamba, kama ujuavyo, ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Ukimuuza leo umeuza na ndama wake, na maziwa ya miaka mingi. Kwa hiyo swali hili si la muziki tu. Nilimjibu kwa maneno machache: "Usimuuze. Ningoje." Kisha nikapanga safari, nikapita kwake. Niliyoyaona nitakueleza, lakini kwanza hatuna budi kuelewa besi ni kitu gani.

(Hapa ilisikika ngoma kubwa, kisha ngoma ndogo.)

Umesikia? Ngoma kubwa ina ngozi pana, nayo hutikisika polepole. Ngoma ndogo ina ngozi nyembamba iliyokazwa sana, nayo hutikisika upesi. Kila sauti ni mtikisiko. Ukitaka kujua, weka kiganja kooni mwako useme "mmmm". Unasikia mtikisiko mkononi. Mtikisiko wa polepole hutoa mlio mnene, nao ndio twauita besi. Mtikisiko wa upesi hutoa mlio mwembamba.

Mitikisiko huhesabiwa kwa sekunde. Gitaa la besi la bendi, uzi wake mnene kuliko yote, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti ya mwanamume anayesema hutikisika kama mara 100 au zaidi kidogo, na ya mwanamke kama mara 200. Filimbi hutikisika mara elfu na zaidi. Umeme wetu wa gridi hapa Tanzania hubadili mwendo wake mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde, na ndiyo maana sabufa yenye waya mbovu hunguruma "mmmm" hata kama hakuna wimbo. Katika vyombo vya umeme hesabu hii huandikwa kwa herufi Hz. Ukiona 50 Hz, soma: mitikisiko 50 kwa sekunde.

Sabufa ni sanduku lenye spika kubwa, lililotengenezwa kwa milio minene tu. Milio mingine yote hutolewa na zile spika ndogo. Spika ndogo haiwezi kusukuma hewa nyingi, kama kijiko kisivyoweza kupiga kasia. Mlio mnene unataka hewa nyingi isukumwe mbele na kurudishwa nyuma, nayo ni kazi ya spika pana.

Huenda ukauliza: mbona redio ndogo ya mkononi yatosha kabisa kusikia sauti ya mwanamume? Swali zuri. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wengi sana wa nchi yetu walikaa katika vikundi, kila kikundi na redio yake, wakasikiliza masomo ya afya. Zilikuwa redio za spika ndogo, wala hapana aliyedhani kuwa msemaji ni mtoto. Sababu ni kwamba sauti ya mwanamume haina mtikisiko mmoja. Ina ule wa 100, na juu yake 200, na 300, na 400, yote kwa pamoja. Redio ndogo huupoteza ule wa 100, lakini sikio likisikia 200, 300 na 400 hulijaza lenyewe pengo la chini. Sikio ni mwalimu mwerevu. Lakini kifua hakidanganyiki hivyo. Kifua hutaka hewa yenyewe itikisike, na ndiyo sababu watu hununua sabufa.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa la leo. Chukua kalamu.

Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde moja. Ikiwa mlio una mitikisiko 50 kwa sekunde, basi katika hizo mita 340 yamo mawimbi 50. Kila wimbi lina urefu gani? Gawanya 340 kwa 50. Jibu ni mita 6.8. Hilo ni wimbi moja tu, nalo ni refu kuliko vyumba vingi tunavyokaa. Sasa mlio mwembamba wa mitikisiko 3,400: gawanya 340 kwa 3,400. Jibu ni mita 0.1, yaani sentimita 10, kiasi cha upana wa kiganja.

Hapo ndipo ilipo siri. Mlio mwembamba una mawimbi mafupi. Hurukaruka chumbani, hugonga pazia na godoro ukafifia. Besi haifanyi hivyo. Wimbi lake ni refu kama chumba au kupita chumba, basi hukijaza chumba chote kwa mara moja, kama maji yajazavyo karai.

Kama unalo karai la maji, lilete hapo mbele ya darasa. Liinue upande mmoja kidogo, ulishushe, uinue tena, kwa mwendo uleule. Tazama maji. Pembeni yanapanda na kushuka kwa nguvu. Katikati je? Katikati yametulia, karibu hayapandi wala hayashuki. Rudieni mara nyingine mpaka kila mmoja ameona, maana jambo hili ndilo lililomfanya mwenzetu akaribie kumuuza mtamba.

Nilipofika Issuna nilikaribishwa uji, kisha nikaonyeshwa chumba. Nikatoa tepu ya fundi seremala, tukapima pamoja. Urefu mita 3.4, upana mita 3.4. Chumba cha mraba. Nikamwomba baba mwenye nyumba afanye hesabu mwenyewe. Wimbi la mlio wa 50 ni mita 6.8. Nusu ya 6.8 ni ngapi? Akaandika 3.4. Akanitazama, akakitazama chumba.

Chumba ambacho urefu wake ni nusu ya wimbi hufanya kama lile karai. Mlio huo husimama chumbani ukayumba ukuta kwa ukuta: kando ya kuta una nguvu sana, na katikati ya chumba karibu haupo. Na kwa kuwa chumba hiki kilikuwa mraba, jambo hilo lilitokea kwa urefu na kwa upana pia, kwa mlio uleule. Chumba ambacho urefu na upana wake si sawa huwa na nafuu, kwa maana taabu ya upande mmoja na ya upande mwingine haziangukii mlio mmoja.

Na kiti cha baba kilikuwa wapi? Kilikuwa katikati kabisa, ili aione televisheni vizuri. Alikuwa ameketi mahali maji yalipotulia.

Kijana wake akasema, "Lakini, Mwalimu, dukani ilinguruma." Ndiyo. Dukani sanduku lilikuwa sakafuni, pembeni, kuta mbili na sakafu zikilizunguka. Wanunuzi nao husimama kando ya kuta, maana katikati pamejaa bidhaa. Tena mwenye duka huujua wimbo wa kupiga. Sisemi alidanganya. Nasema alilijua karai lake.

Tukaanza kazi. Kwanza tulikisogeza kiti. Tulikiweka karibu na ukuta wa nyuma, si kwa kuugusa, bali kama nusu mita kutoka ukutani. Ukibandika kichwa ukutani utasikia besi nyingi mno, nayo itakuchosha. Televisheni ikasogea kidogo, na mama watoto akakubali, ingawa alisema meza yake imeharibiwa mpango.

Kisha tukafanya jambo ambalo liliwachekesha watoto. Tuliiondoa sabufa juu ya meza, tukaiweka juu ya kiti cha baba, pale pale atakapoketi. Tukapiga wimbo wenye gitaa la besi lisikikalo vizuri, lile linalotembea nyuzi zote, juu na chini. Dansi la zamani lafaa sana kwa kazi hii. Singeli ina mwendo wa kasi mno, huwezi kufuata mlio mmoja mmoja. Nikamwambia baba, "Sasa inama, kichwa kiwe karibu na sakafu, utambae kando ya kuta. Sikiliza kila mahali. Ukipata mahali ambapo kila mlio wa gitaa wasikika sawa na mwenziwe, niambie."

Akatambaa. Kwenye kona ya mlango alisimama akasema, "Hapa!" Nikamwuliza, "Milio yote ni sawa?" Akasikiliza tena. "Hapana," akasema, "mmoja unavuma kupita mingine. Vuuu, vuuu." Akatambaa tena. Kama hatua moja kutoka kona ile, kandokando ya ukuta, akasema milio imekaa sawa. Tukaweka alama ya chaki. Kisha tukazibadilisha nafasi: sabufa ikaenda penye chaki, sakafuni, na baba akarudi kitini.

Kwa nini jambo hili hufaa? Kwa sababu njia ya sauti kutoka kitini hadi kwenye chaki ndiyo njia ileile kutoka kwenye chaki hadi kitini. Mahali unapoisikia vizuri ukiwa hapo chini, ndipo sabufa ikiwekwa utaisikia vizuri ukiwa kitini. Ni rahisi zaidi kumtambaza mtu mmoja kuliko kulihamisha sanduku mara ishirini.

Angalia pia kwamba hatukuchagua mahali penye besi nyingi kuliko pote. Kona hutoa besi nyingi, maana kuta mbili na sakafu huirudisha sauti yote ndani. Wenye masanduku madogo hupenda kona, na si kosa kuanzia hapo. Lakini besi nyingi na besi nzuri ni vitu viwili. Besi nzuri ni ile unayoweza kuifuata kama nyayo za mtu apandaye ngazi: wasikia hii, na hii, na hii. Besi ivumayo mlio mmoja tu ni kama mtu anayeruka mahali pamoja.

Nilipoigeuza sabufa niliona jambo jingine. Nyuma yake kulikuwa na tundu la duara, na ndani ya tundu kitambaa kimekazwa. "Ni panya," akasema baba. "Niliogopa watajenga humo." Ana haki, panya hujenga popote. Lakini tundu lile halikuwekwa kwa bahati.

(Hapa ilisikika sauti ya mtu akipuliza mdomo wa kibuyu.)

Puliza juu ya mdomo wa kibuyu kitupu, au chupa. Hewa iliyo shingoni huingia na kutoka, na kibuyu hulia mlio mmoja mnene. Kibuyu kikubwa hulia mnene zaidi. Sabufa yenye tundu ni kibuyu. Spika ikitikisika, hewa ya ndani ya sanduku nayo hutikisika kupitia tundu, na kuongeza besi pale ambapo spika yenyewe imeanza kuchoka. Ukiliziba tundu, umekiziba kibuyu. Tukatoa kitambaa, tukafunga kipande cha chandarua chakavu kwa nje. Hewa yapita, panya hapiti, angalau kwa muda. Na kama tundu liko nyuma, usilibandike sanduku ukutani. Acha nafasi ya kiganja kimoja na nusu au viwili.

Sanduku lenyewe nalo lina kazi. Spika ikisukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta kwa nyuma. Bila sanduku, hewa ya mbele hukimbilia nyuma na mambo yakaishia hapo hapo. Kama una spika ya redio iliyokufa na fundi wa kuiunganisha, ishike mkononi mtupu uisikilize. Halafu ikate tundu katika boksi gumu la karatasi, uibandike hapo. Utashangaa.

Jambo la waya nitalisema upesi. Kila spika ndogo ina waya mbili, aghalabu nyekundu na nyeusi. Nyekundu iende penye nyekundu, nyeusi penye nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja, hiyo moja itavuta wakati mwenzake anasukuma, na milio minene itauana katikati. Za Issuna zilikuwa sawa.

Sasa mabati. Baba huyu alizaliwa katika tembe, nyumba ya kwetu ya kuta nene za udongo na paa la udongo lililolazwa juu ya miti. Tembe lina taabu zake wakati wa mvua, kila aliyelala ndani yake anazijua. Lakini paa lake ni zito, wala besi hailitikisi kwa urahisi. Bati ni jepesi. Besi ikilifikia hutikisika, na msumari ukiwa umelegea, bati huligonga boriti "trrrr" kwa kila mlio. Mwenye nyumba hudhani sabufa imepasuka.

Dawa ni kutafuta. Mtu mmoja apige wimbo, wengine wapite wakishika kitu kimoja kimoja kwa mkono. Ukikishika kelele ikakoma, umempata mwizi. Pale Issuna tulipata bati moja lenye misumari miwili iliyolegea, komeo la mlango, na sahani za kabatini zilizokuwa zimepangwa wima. Misumari ikagongwa na kuwekewa vipande vya mpira wa tairi. Komeo likafungwa kitambaa. Sahani mama watoto alizihamisha mwenyewe, kimya, na nadhani ile habari ya meza alikuwa bado hajaisahau.

Ilikuwa imefika jioni tuliposikia, "Hodi!"

"Karibu, mama," akasema baba.

Alikuwa mama jirani. Akatusalimu wote, akakaa. Baba akasema, "Mama, utuwie radhi kwa zile siku. Mgonjwa aendeleaje?"

"Anashukuru Mungu. Ila usiku, jirani yangu, anasema kama mtu anatwanga ndani ya kichwa chake. Maneno ya wimbo hayasikii. Anasikia du, du, du tu."

Mama huyu, bila kujua, alisema ukweli wa kitabu. Milio myembamba huzuiwa na ukuta, hata pazia huipunguza. Mlio mnene huusukuma ukuta na bati vyenyewe, na nje hutoka karibu ulivyo. Ndiyo maana wimbo wa jirani wasikia besi yake tu. Usidhani basi kuwa pazia zito au godoro ukutani litamwokoa jirani. Halimwokoi. Kinachosaidia ni ukuta mzito usio na nafasi, na nyumba zetu nyingi zina nafasi kati ya ukuta na bati. Kinachosaidia kuliko vyote ni mkono wako penye kitufe.

Tukafanya hivi. Mama akarudi nyumbani kwake, akaketi karibu na kitanda cha mgonjwa. Mtoto akasimama njiani katikati ya nyumba mbili. Baba akapunguza kitufe cha besi kidogo kidogo, mpaka mama akamwambia mtoto, na mtoto akaita, "Basi! Haisikiki!" Hapo baba akachukua kalamu ya wino, akachora mstari mdogo kando ya kitufe, na chini yake akaandika kwa mkono wake: USIKU. Kisha tukatafuta kiasi cha mchana, akachora mstari wa pili: MCHANA. Chini ya sanduku tukaweka vipande vinne vya ndala chakavu, ili mtikisiko usishuke sakafuni kwa nguvu.

Na kwa sababu kiti kilikuwa sasa mahali pazuri, ule mstari wa USIKU ulimtosha kabisa. Kabla ya hapo alikuwa akifungua mpaka mwisho ili asikie kidogo, na jirani akisikia yote.

Kuna sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini ukifika mpaka huko na jirani yako, mmekwisha haribikiwa mambo mengi.

Nisisahau habari ya kufungua mpaka mwisho. Chombo kidogo kikidaiwa nguvu kisizokuwa nazo, mlio hukatika kichwa ukawa wa kukwaruza, na waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika hupata moto. Ukisikia mkwaruzo, rudisha sauti nyuma mara moja. Ukisikia harufu ya kuungua umechelewa.

Hapo kijana akanileta boksi la karatasi lililokuja na sabufa. Limeandikwa kwa tarakimu kubwa: wati 5,000. Nikamwambia, "Sasa soma nyuma ya sabufa yenyewe, pale penye kibandiko kidogo." Akasoma herufi moja moja: 220-240 V, 50 Hz, 40 W. Herufi W ni wati. Chombo hiki hula wati 40 kutoka ukutani. Chombo kinachokula 40 hakiwezi kutoa 5,000, kama vile debe moja la mahindi lisivyoweza kutoa madebe mia ya unga. Namba za boksi ni za kuuzia. Ukienda dukani, ligeuze sanduku, usome kibandiko cha nyuma. Ndiyo sababu mojawapo ya kujifunza kusoma, nami sioni aibu kuisema.

Kibandiko hicho huwafaa pia wanaotumia umeme wa jua. Wati 40 kwa saa 5 ni 40 mara 5, yaani 200. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina 600, lakini betri za kawaida za asidi haifai kuzinyonya kupita nusu, basi una 300. Muziki wa saa 5 utakula theluthi mbili ya hizo, na taa bado hazijawashwa.

Na wewe mwenye hom thieta ya spika tano na sabufa, huenda chombo chako kina vitufe viwili zaidi. Kimoja huamua ni mlio gani uende kwa sabufa na upi uende kwa spika ndogo. Anza na 80. Ukiweka juu sana, sauti za wanaume wanaosema zitaanza kutoka kwenye sabufa, nawe utaona kama mtu amejificha chini ya meza. Kingine ni swichi yenye 0 na 180. Keti kitini, mwenzio aigeuze huku na huku wakati wimbo unapigwa, uchague upande ambao besi imejaa zaidi. Hakuna upande ulio sawa kwa nyumba zote.

Je, Issuna tulipata ile ngurumo ya dukani? Hatukuipata yote. Ule mlio wa 41, wa uzi mnene wa gitaa la besi, sanduku lile dogo haliuwezi, wala halitauweza, liwekwe popote. Kijana alikuwa na haki hapo. Lakini nilimwona baba akiketi kitini, kitufe kikiwa kwenye mstari wa MCHANA, akilifuata gitaa kwa kidole juu ya goti, mlio kwa mlio, mpaka wimbo ukaisha. Akaurudia. Mtamba alikuwa nje amefungwa, akila mabua.

Kazi ya darasa ni hii. Pimeni urefu wa chumba mnachosomea, kwa mita. Zidisheni kwa 2. Kisha gawanyeni 340 kwa jibu hilo. Namba mtakayopata ndiyo mlio ambao chumba chenu hupenda kuuvumisha. Fanyeni hivyo tena kwa upana. Kama namba mbili hizo zinakaribiana, andikeni "mraba". Mwenye sauti nene kuliko wote asimame kando ya ukuta avumishe "mmmm", akipanda na kushuka polepole, na wengine watembee kutoka ukutani hadi katikati, wasikilize. Sauti ya mtu haishuki mpaka 50, ila chumba kina milio mingine ya juu zaidi inayofanya vilevile, nanyi mtaikuta sehemu inapovuma na sehemu inapofifia. Wekeni alama za chaki sakafuni, mhesabu ni ngapi.

Majibu yaandikwe kwa wino, si kwa penseli. Kwa herini.